Pikipiki za Kale na Vitabu Vyake

Kila chombo alichokiunda mwanadamu kina historia mbili. Ya kwanza ni historia ya mikono iliyokiunda, na ya pili ni historia ya mikono iliyokitumia. Jembe lina mhunzi aliyelifua, lakini lina pia shamba lililolimwa na watoto waliolishwa kwa mazao ya shamba hilo. Jahazi lina fundi aliyelichonga, lakini lina pia nahodha, mabaharia na shehena. Mtu akiandika historia ya kwanza peke yake amefanya kazi njema, lakini ameifanya nusu. Katika insha hii nataka kulipima jambo hilo kwa chombo ambacho kila msomaji anakijua kwa sura na kwa sauti, yaani pikipiki, na kwa vitabu vilivyoandikwa juu ya pikipiki za kale.

Mimi ni mpenzi wa vitabu hivyo. Wako watu wapendao kusoma habari za wafalme, na wako wapendao habari za vita. Mimi hufurahi kusoma jinsi mnyororo wa chuma ulivyochukua mahali pa mkanda wa ngozi, na jinsi kiwanda kilivyosimama na kuanguka. Lakini mapenzi ya kweli hayafumbi macho. Kwa hiyo nitavisifu vitabu hivyo kwa yale viliyotupa, kisha nitaonyesha pengo vinaloliacha, kwa sababu pengo hilo linatuhusu sisi tunaokaa Machakos kuliko watu wengi wengine.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1885, katika mji wa Cannstatt huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya petroli katika kiunzi cha mti chenye magurudumu mawili makubwa, na mengine mawili madogo ya ubavuni ili kisianguke. Shabaha yao ilikuwa kuijaribu injini. Hawakuwa na nia ya kuuza chombo hicho. Miaka tisa baadaye, mwaka 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuunda pikipiki nyingi kwa ajili ya kuuza. Uingereza ilifuata upesi. Kampuni ya Triumph ya Coventry, iliyoanzishwa na Mjerumani Siegfried Bettmann, ilitoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1902. Kampuni ya BSA ya Birmingham, ambayo ilianzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya kuunda bunduki, ilitoa yake mwaka 1910. Ng'ambo ya Atlantiki, Harley na ndugu wa ukoo wa Davidson walianza kazi yao mwaka 1903.

Pikipiki nyingi za zamani hizo hazikuwa na klachi wala gia. Mwendeshaji aliisukuma mbio, injini ikilia alirukia kitini, na akifika mlimani alisaidia kwa kukanyaga pedali kama mpanda baiskeli. Mvua ikinyesha, mkanda wa ngozi uliteleza na safari ikasimama. Hebu msomaji afikiri safari ya namna hiyo katika vilima vya Iveti au katika mteremko wa Mua, ndipo atakapojua kwa nini kila jambo dogo lililotengenezwa, kama klachi, gia, mnyororo na springi, lilikuwa ushindi mkubwa. Huo ndio uzuri wa kwanza wa vitabu hivi: vinatufundisha kwamba chombo tunachokiona chepesi leo kilijengwa kwa majaribio mengi, na kwamba akili haikurupuki kama radi bali hukua kama mbuyu.

Lugha yetu nayo ilikipokea chombo hicho kwa namna yake. Watu wa Afrika ya Mashariki hawakungoja kuambiwa jina na mtu mwingine. Walisikiliza sauti ya injini, wakaiita pikipiki. Wengine wakaiita tukutuku. Jina ni ushuhuda. Linatuambia kwamba hapa kwetu chombo hiki kilisikika na kutazamwa na watu wenye akili ya kukipa jina, hata kabla watu hao hawajapata fedha za kukinunua.

Vitabu vya historia ya pikipiki ni vya aina nyingi, lakini nitavigawa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni vitabu vya ufundi. Mfano wake ni kazi ya C. F. Caunter, aliyeandika historia ya ufundi wa pikipiki kwa ajili ya Makumbusho ya Sayansi ya London. Mwandishi wa namna hii haandiki kwa kusisimka. Anaeleza silinda, kabureta, breki na springi, na anaweka mwaka kwa kila jambo. Kitabu chake ni kama kamusi: husomwi kwa raha ya hadithi, lakini hakuna atakaye ukweli anayeweza kukikosa.

Fungu la pili ni vitabu vya watu waliokuwapo. Aliyejulikana sana alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, Basil H. Davies, aliyeandika kwa miaka mingi katika gazeti la *The Motor Cycle* kwa jina la kubuni la Ixion. Kitabu chake *Motor Cycle Cavalcade* kilitoka mwaka 1950. Uzuri wa kitabu cha namna hii ni kwamba kinanuka mafuta na vumbi, kwa kuwa mwandishi alizipanda pikipiki tangu zikiwa changa. Ubaya wake ni kwamba kumbukumbu huchagua. Mtu hukumbuka siku aliyoshinda mlima, akaisahau siku aliyokokotwa na ng'ombe.

Fungu la tatu ni vitabu vya viwanda, na la nne ni vitabu vya wasafiri. Haya mawili ndiyo yenye mafunzo makubwa kwetu, kwa hiyo nitayaeleza kwa kituo.

Msomaji wa vitabu vya viwanda hana budi kukumbuka methali yetu isemayo kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Chukueni mfano wa pikipiki moja ndogo ya Kijerumani, DKW RT 125, iliyotolewa mwaka 1939 katika kiwanda cha Zschopau. Ujerumani iliposhindwa katika Vita Vikuu vya Pili, michoro ya pikipiki hiyo ilichukuliwa na washindi kuwa sehemu ya fidia ya vita. Warusi waliitoa kwa jina la Moskva mwaka 1946. BSA ya Uingereza waliitoa kwa jina la Bantam mwaka 1948, na Harley-Davidson wa Marekani wakatoa yao ya cc 125 wakati huo huo. Mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ya Japani, ilipotaka kuunda pikipiki yake ya kwanza, ilifuata mfano ule ule. Mama mmoja, watoto wanne katika nchi nne! Anayesoma kitabu cha Kiingereza peke yake anaweza kuiona Bantam kuwa mtoto halisi wa Birmingham. Anayesoma habari za Yamaha peke yake anaweza kudhani kwamba yote yalianzia Japani. Akiviweka vitabu viwili au vitatu pamoja mezani, ndipo atakapoona ukoo wote. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya historia: usimsikilize shahidi mmoja ukafunga baraza.

Vitabu vya viwanda vina pia hadithi ya anguko kubwa. Katika miaka ya 1950 hapakuwa na nchi iliyosifiwa kwa pikipiki kuliko Uingereza. BSA, Triumph, Norton, Matchless na Royal Enfield yalikuwa majina yaliyojulikana dunia nzima. Miaka 20 baadaye karibu yote yalikuwa yameporomoka. Bert Hopwood, mhandisi aliyefanya kazi katika kampuni kadhaa za Kiingereza, aliandika mwaka 1981 kitabu kiitwacho *Whatever Happened to the British Motorcycle Industry?*, na anwani yake peke yake ni swali la msiba: yaliyoipata kazi hiyo ni yapi? Hopwood aliwalaumu wakuu wa viwanda kwa kutosikiliza mashauri ya wahandisi na kwa kutoandaa pikipiki mpya kwa wakati wake. Ripoti iliyotolewa mwaka 1975 kwa ajili ya serikali ya Uingereza ilionyesha jambo jingine linalofanana na hilo. Kila Wajapani walipoingia katika soko la pikipiki ndogo, Waingereza walilihama soko hilo wakapanda kwenye pikipiki kubwa zaidi, mpaka wakakosa mahali pa kuhamia.

Na Wajapani hao walikuwa nani? Soichiro Honda alianza mwaka 1946 kwa kufunga katika baiskeli injini ndogo zilizobaki baada ya vita, zilizokuwa zikiendesha mitambo ya simu za upepo za jeshi. Kampuni yake iliandikishwa mwaka 1948. Mwaka 1958 ilitoa Super Cub ya cc 50, pikipiki ndogo isiyohitaji mkono wa klachi, yenye kinga ya miguu iliyozuia matope, na rahisi kuendeshwa na mtu yeyote. Mabingwa wa pikipiki kubwa waliweza kuitazama wakacheka. Lakini mwaka 1961 pikipiki za Honda zilishinda katika mashindano ya Kisiwa cha Man, mashindano ambayo Waingereza waliyaanzisha mwaka 1907 na kuyaona kuwa kilele cha ufundi. Na hadi mwaka 2017 pikipiki za ukoo wa Super Cub zilizoundwa zilikuwa zimepita milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichopata kuundwa kwa wingi kama huo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na vitabu ninavyovipenda. Tazameni kurasa zake. Kwa kila ukurasa mmoja wa Super Cub au Bantam, kuna kurasa nyingi za pikipiki za mashindano, za mabingwa na za matajiri. Brough Superior, pikipiki ya fahari iliyoundwa Nottingham kwa idadi ndogo tu, ina vitabu vyake. Lakini pikipiki iliyombeba mkunga, mwalimu, posta na muuza maziwa haina msemaji. Waandishi wamehesabu mwendo, wakasahau kuhesabu mizigo. Wamepima thamani ya chombo kwa mbio zake, wala hawakuipima kwa maisha ya watu iliyoyabadili. Kosa lililoviangusha viwanda, yaani kudharau kilicho kidogo, limeingia pia katika vitabu.

Vitabu vya wasafiri hupunguza upungufu huo kidogo, kwa sababu vinaitoa pikipiki kiwandani vikaipeleka barabarani. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma. Walivuka jangwa la Sahara bila dira, wakapita misitu ya katikati ya Afrika, wakaja mpaka Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai 1935 wakafika Cape Town. Injini iliwaharibikia jangwani, na mara nyingi waliokolewa na watu wa nchi walizopita. Wallach aliandika habari za safari hiyo, lakini kitabu chake, *The Rugged Road*, kilichapishwa mwaka 2001, miaka miwili baada ya kufa kwake. Safari iliyofanywa mwaka 1935 ilingoja miaka 66 ipate wasomaji. Kama karatasi zile zingalitiwa motoni, leo tungalikuwa tunasema kwamba wanawake hawakupata kufanya jambo hilo.

Mwingine ni Ted Simon, aliyeondoka London mwezi wa Oktoba 1973 kwa pikipiki ya Triumph ya cc 500. Alikuja kwa njia ya Misri, Sudan na Ethiopia, akapita Kenya na Tanzania, akaendelea kuizunguka dunia kwa muda wa miaka minne. Kitabu chake *Jupiter's Travels* kilitoka mwaka 1979. Ni jambo la ajabu kwamba wakati alipokuwa akiondoka, wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph huko Meriden walikuwa wamefunga milango ya kiwanda kupinga kufungwa kwake. Chombo kilikuwa kikisafiri duniani hali nyumba kilikozaliwa inazozaniwa.

Vitabu hivi viwili ni vizuri, na mwanafunzi anayejua Kiingereza atapata raha na faida kwa kuvisoma. Walakini katika vitabu vya namna hii Afrika ni njia. Mtu wa Afrika anaonekana anapofungua lango, anaposukuma gurudumu katika mchanga, au anapouza mafuta. Kisha mwandishi anapita, na mtu yule anabaki nyuma ya vumbi. Nani ataandika habari za mtu aliyebaki?

Habari zake zipo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa hapa Afrika ya Mashariki, majeshi yalileta magari na pikipiki, lakini matope na ubovu wa njia viliyashinda mara nyingi. Kazi ya mashine ikaangukia vichwa na mabega ya Waafrika, wale wapagazi ambao jina la jeshi lao limesalia katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika Vita Vikuu vya Pili kampuni ya BSA peke yake iliunda pikipiki zaidi ya 120,000 za aina ya M20 kwa ajili ya majeshi, na Wakamba wengi waliandikwa katika King's African Rifles na vikosi vingine, baadhi yao wakajifunza kuendesha na kutengeneza mitambo. Idadi ya pikipiki tunaijua mpaka kiwandani. Majina ya askari waliojifunza ufundi huo na kuurudisha vijijini hayamo katika vitabu hivyo. Na kabla ya vita hivyo, Jomo Kenyatta alipokuwa katibu wa Kikuyu Central Association tangu mwaka 1928, alizungukia watu wake kwa pikipiki akiwaeleza habari za ardhi. Mtu anayeandika historia ya pikipiki bila safari hizo ameacha safari yenye uzito kuliko mashindano mengi.

Sasa tuitazame Machakos yenyewe. Mji huu ulikuwa kituo cha Imperial British East Africa Company kabla Nairobi haijawa mji. Lakini reli iliyotoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, ilikuwa imeuacha Machakos kando. Nchi yenyewe ni ya vilima na mabonde, na vijiji vingi vimekaa juu ambako gari kubwa hupanda kwa shida wakati wa mvua. Kwa miaka mingi pikipiki huku ilikuwa chombo cha wachache: afisa wa kilimo aliyekagua matuta, daktari wa mifugo, padri, mhubiri na mwalimu mmoja mmoja. Wengine wote walikwenda kwa miguu.

Hali hiyo ilibadilika upesi. Neno boda boda lilitoka katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walianza kuwavusha watu na mizigo kwa baiskeli. Serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo zisizozidi cc 250 katika miaka ya 2007 na 2008, pikipiki zilijaa nchini. Nyingi hazikutoka Uingereza, bali India na China. Boxer, ambayo kila mtoto anaijua, ni ya kampuni ya Bajaj ya India, kampuni iliyoshirikiana zamani na Kawasaki ya Japani. Hata Royal Enfield, jina la Kiingereza kabisa, ilianza kuundwa Madras mwaka 1955, na kiwanda cha India kikaendelea kuishi baada ya kile cha Uingereza kufa. Kwa hiyo ukisimama penye kituo cha boda boda Machakos, unatazama historia iliyotoka Ujerumani ikapita Uingereza, Japani na India, na kupanda mpaka mlangoni pako.

Chombo hicho kimebeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi, makreti ya maembe, na mama mja mzito usiku kupelekwa zahanati. Kimewapa vijana kazi. Kimewatoa wengine darasani kabla ya wakati, kwa tamaa ya fedha ya leo. Kimevunja miguu na kuzima maisha. Faida na hasara hizo zote ni historia, na zinastahili mwandishi mwenye haki kwa pande zote mbili.

Yamkini msomaji mmoja atauliza: vitabu vya mashine kuukuu vina faida gani kwa kijana wa boda boda? Nitamjibu kwa habari moja. Mwezi wa Mei 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake, akafa baada ya siku sita. Hakuwa amevaa kitu cha kukinga kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alichunguza majeraha ya vichwa ya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akatoa makala kuonyesha kwamba helmeti huokoa maisha. Jeshi likawaamuru wapeleka barua wake wazivae. Waendesha pikipiki wengi ambao hawakupata kusikia jina la Cairns wako hai kwa kazi yake. Sheria ya Kenya inayomtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti haikuzuka tu. Ina ukoo, na mwanzo wa ukoo huo ni kaburi. Kijana anayejua habari hiyo hataiona helmeti kuwa mzigo wa kumridhisha askari wa barabarani.

Basi kazi iliyobaki ni yetu. Lakini historia haiandikwi kwa nia njema peke yake, inataka njia. Tunao mfano mwema hapa hapa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu *More People, Less Erosion*, juu ya ardhi ya Machakos na wakulima wake. Walisoma ripoti za serikali, wakazungumza na wakulima, kisha wakachukua picha zilizopigwa mwaka 1937, wakati vilima vilipokuwa vimeliwa na mmomonyoko, wakazilinganisha na picha mpya zilizopigwa mahali pale pale mwaka 1991. Matuta yaliyochimbwa na wananchi yakaonekana wazi. Hakuna aliyeweza kubisha. Njia hiyo iliyotumika kwa udongo inaweza kutumika kwa pikipiki.

Mwanafunzi na aanze na chuma chenyewe. Pikipiki ya zamani iliyotupwa nyuma ya banda ina namba zilizogongwa katika kiunzi na katika injini. Vitabu vya wapenzi wa BSA, Triumph na nyinginezo vina orodha za namba hizo na miaka yake. Namba ikisomwa vema, mwaka wa kuzaliwa hujulikana. Na ikiwa namba ya injini na ya kiunzi hazipatani, hiyo nayo ni habari, kwa maana injini ilibadilishwa na fundi fulani kwa sababu fulani. Hapo kitabu cha Uingereza na chuma cha Machakos hukutana na kushuhudiana.

Kisha atafute karatasi: kitabu cha usajili, ambacho wengi hukiita logibuku, risiti ya dukani, na barua ya kazi. Atazame picha za harusi na za kanisa, kwa sababu watu wengi walipenda kupigwa picha kando ya pikipiki hata kama si yao. Aende kwa wazee na mafundi wa jua kali, awaulize kwa adabu maswali yenye jibu: ilinunuliwa mwaka gani, kwa fedha za mauzo gani, njia ipi ilipitika, spea zilitoka wapi, nani alikufunza. Akipata nafasi afike Nairobi katika Nyaraka za Taifa, zilikohifadhiwa ripoti za kila mwaka za wilaya. Mwisho aliweke neno la mzee kando ya karatasi, na karatasi kando ya chuma, aone vinapatana wapi na vinapingana wapi. Vikipingana asiogope, mahali pa kupingana ndipo penye elimu.

Kazi hii haiwezi kungoja sana. Chuma chakavu huuzwa kwa kilo, karatasi huliwa na mchwa, na mzee akiondoka huondoka na maktaba yake. Wallach aliandika, na ingawa maandishi yake yalingoja miaka 66, yalikuwapo ya kungoja. Sisi tusipoandika, hakutakuwa na kitu cha kungoja. Wajukuu wetu watasoma kwamba pikipiki iliundwa Coventry, ikashinda katika Kisiwa cha Man, ikafa Birmingham, ikafufuka Japani, wala hawatajua kwamba iliwahi kupanda Iveti usiku wa mvua ikiwa na mama na mtoto aliyekaribia kuzaliwa. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mnalo, wanafunzi, na kalamu mmeshika.